Safari ya rangi mpya ya kuku hadi kwenye kitabu cha viwango

Mfugaji akitotolesha vifaranga wa rangi ambayo majirani zake hawana, wazo la kwanza linalomjia ni kuwapeleka kwenye maonyesho ili majaji waitambue. Hapa Marekani, ambako ninafuga na kuonyesha kuku wa Orpington, mambo hayaendi hivyo, nami naona ni haki yasiende hivyo. American Poultry Association, chama kilichoanzishwa mwaka 1873 na kutoa kitabu chake cha kwanza cha viwango, yaani maelezo ya jinsi kuku wa kila aina na rangi anavyotakiwa kuwa, mwaka uliofuata, hakiipokei rangi kwa sababu ya uzuri wa kuku mmoja. Kinataka kuthibitishiwa kwamba rangi hiyo inarithiwa kwa namna inayotabirika, na kwamba wapo watu wa kuiendeleza hata mwanzilishi wake akiacha kufuga.

Ndiyo maana maombi hayapokelewi kutoka kwa mtu mmoja. Wanatakiwa wafugaji wasiopungua 5, kila mmoja akiwa ameifuga rangi hiyo kwa miaka 5 au zaidi, nao wathibitishe kwa hati ya kiapo kwamba angalau nusu ya vifaranga wao hutoka wakifanana na wazazi. Kuku hao pia wawe wameonyeshwa mbele ya majaji wenye leseni ya chama, angalau mara mbili kwa mwaka kwa miaka miwili, wakiwemo majogoo, matetea, mapora na matembe; yaani wakubwa na wachanga, wa kiume na wa kike. Kuku mchanga huficha mengi ambayo mwaka wa pili huyafichua, na jaji anayewaona matembe peke yao hajauona ukoo.

Sharti la nusu huwashangaza watu, kwa sababu wanatarajia kuambiwa vifaranga wote. Sababu iko kwenye rangi kama bluu. Jeni yake, ikiwa moja tu juu ya kuku mweusi, humfanya awe bluu. Zikiwa mbili, hutoka kuku mweupe-kijivu mwenye madoa. Kwa hiyo ukipandisha bluu kwa bluu utapata, kwa wastani, robo weusi, nusu bluu na robo wenye madoa, kizazi baada ya kizazi, hata uchague namna gani. Kama chama kingedai vifaranga wote wafanane, Andalusian wa bluu, aliyemo kitabuni tangu 1874, asingekuwa na nafasi.

Lavenda ni habari nyingine, nami nitaieleza kwa kirefu kwa sababu ndiyo ninayoijua kwa mikono. Orpington waliingia katika viwango vya Marekani kwa rangi ya dhahabu mwaka 1902, weusi na weupe wakafuata 1905, na bluu 1923. Kuku wa lavenda akionekana kwa mbali hudhaniwa ni bluu, lakini ukimkaribia tofauti ni dhahiri: bluu wa Orpington ana ukingo mweusi zaidi unaozunguka kila unyoya, ilhali lavenda ni kijivu chepesi kilicho sawa tangu shingoni hadi mkiani. Jeni yake hujificha. Jogoo wa lavenda akipandishwa kwa tetea mweusi asiye na jeni hiyo, vifaranga wote hutoka weusi na kwa macho hutawatofautisha na weusi wengine. Wakipandishwa wao kwa wao, robo hurudi lavenda. Lavenda kwa lavenda hutoa lavenda watupu, hivyo sharti la nusu linatimizwa bila jasho.

Jasho liko kwenye manyoya na umbo. Shika unyoya wa mkia wa jogoo mzima, uuchane kwa kidole, kisha uupitishe kati ya vidole viwili: nyuzi zake zitashikana tena na uso wake utakuwa laini. Katika koo nyingi za lavenda, hasa kwa majogoo, nyuzi hizo hazishikani, na mkia hubaki umechakaa kana kwamba umeguguniwa na panya. Si kila kuku wa lavenda mwenye kasoro hiyo, na hapo ndipo pana tumaini, kwa maana inaweza kuchujwa. Dawa tunayoitegemea ni kurudi kwa Orpington weusi walio bora na kuwapandisha na lavenda, kisha kuchagua bila huruma kati ya lavenda wanaozaliwa baadaye. Kurudi huko hurejesha pia ukubwa, kwani kiwango kinataka jogoo wa kilo 4.5 na tetea wa kilo 3.6, na lavenda wengi wa mwanzo hawafiki hapo. Jaji hataki kuona rangi mpya juu ya mwili ambao si wa Orpington, na katika hili simlaumu hata kidogo.

Wakati kazi hiyo ikiendelea, kundi la wafugaji huandika maelezo ya rangi inayopendekezwa, sehemu kwa sehemu: kichwa, shingo, mgongo, mabawa, mkia, miguu, na rangi ya manyoya mororo ya chini. Ninawasihi wenzangu waandike wakiwa na kuku mkononi, kwa sababu neno moja lililolegea, mathalani kutosema kama rangi ya manjano inayojitokeza mgongoni ni kasoro, litaleta ugomvi baadaye.

Hatua nzito ya mwisho ni maonyesho ya kufuzu, ambapo kuku wasiopungua 50 wa rangi hiyo, kutoka kwa waonyeshaji wasiopungua 5, hukusanywa mahali pamoja. Majaji hawatafuti mshindi peke yake. Wanapita vizimba vyote wakitazama kama kuku wa banda moja wanafanana na wa banda jingine. Hapo ndipo wafugaji ambao kila mmoja alikuwa akifuata njia yake hukwama, hata kama kila mmoja ana kuku wazuri. Ripoti ya majaji hupelekwa kwa kamati ya viwango, na kamati huipendekeza au kuikataa rangi mbele ya bodi ya chama.