Usimuulize mkulima kama utabiri ulimsaidia

Kazi yangu ni tathmini, yaani mimi ndio yule mtu analipwa kuuliza kama mradi ulifanya kazi ama ni picha tu. Na karibu kila ripoti ya mambo ya tabianchi inayopita mezani kwangu hapa Nairobi iko na ile sentensi, ati wakulima wengi sana wamesema habari za hali ya hewa ziliwafaidi. Wanaiwekea grafu ya kijani, watu kwa warsha wanapiga makofi, tunaenda chai ya saa nne. Mimi siku hizi hiyo sentensi naipita tu.

Manake angalia vile inapatikana. Kijana amevaa tishati ya mradi anafika kwa boma la mtu baada ya mavuno, anakaribishwa, anapewa kiti, halafu anauliza, mama, zile meseji zetu za utabiri wa mvua zilikusaidia? Sasa huyo mama atasema nini? Mgeni hafukuzwi na jibu baya, tena pengine mradi ukiendelea kutakuja na mbegu. Na kama mvua ilikuwa nzuri atasema utabiri ulikuwa mzuri, ikikosa atasema hao watu wa hali ya hewa ni waongo, hata kama utabiri ulikuwa ni uleule. Hapo umepima adabu na umepima mvua, utabiri wenyewe hujaugusa.

Kuna Mmarekani, mtaalamu wa hali ya hewa, anaitwa Allan Murphy ambaye mwaka 1993 alitenganisha hii kitu vizuri. Alisema uzuri wa utabiri uko wa aina tatu: kama mtabiri ametoa kile anachoamini kweli, kama utabiri ulilingana na kilichotokea, na kama kuna mtu alifanya uamuzi bora kwa sababu yake. Hiyo ya pili wale jamaa wa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya pale Dagoretti Corner wanaweza kuipima kwa kompyuta, wako na vipimo vyao vya mvua na hesabu zao. Ya tatu haiko kwa kompyuta, iko shambani, na ndio ngumu.

Chukua mfano, hizi pesa nimezitunga tu. Mkulima wa Makueni anafikiria kununua mbegu inayokomaa haraka. Inamgharimu 1,000 zaidi ya ile ya kawaida, na mvua ikikosa inamwokolea 5,000. Gawanya moja kwa tano, unapata 20%. Kwa hivyo kama uwezekano wa mvua kukosa unazidi 20, anunue. Sasa utabiri wa msimu hugawanywa mafungu matatu, mvua juu ya kawaida, ya kawaida na chini ya kawaida, na bila utabiri wowote kila fungu liko na 33%. Tukichukulia chini ya kawaida ndio kukosa, si umeona? Huyu mkulima anafaa kununua hiyo mbegu kila mwaka, utabiri uwe umetoka ama haujatoka, na hata utabiri ukisema 45% bado atafanya lilelile. Kwake huo utabiri thamani yake ni sufuri na hauna makosa yoyote! Lakini bei ya mbegu ikipanda iwe 2,000 zaidi, kile kiwango cha kununua kinakuwa 40%, na hapo hiyo 45 inageuza uamuzi. Utabiri ni uleule, kilichobadilika ni bei kwa agroveti. Ndio maana nikiulizwa habari za tabianchi ziko na thamani gani nauliza kwanza, kwa nani, na anaamua nini.

Kwa hivyo cha kupima ni uamuzi. Na sio uamuzi alioufanya tu, ni tofauti ya alichofanya na kile angefanya kama hangesikia kitu. Njia ninayoipenda ni kwenda kabla utabiri haujatoka, unampa mkulima punje kumi za maharagwe na mabakuli matatu, unamwambia azigawe vile anaona msimu utakuwa, mvua nyingi, ya kawaida, kidogo. Wazee wanaufurahia sana huo mchezo na wanabishana vibaya sana. Halafu unamuuliza atapanda nini, ekari ngapi, mbolea ngapi. Utabiri ukishatoka unarudi na maharagwe yako. Kama punje hazijasonga, hukumwambia jambo jipya. Kama punje zimesonga lakini shamba halijasonga, kuna kitu kinamzuia, mara nyingi ni pesa ama mbegu haipatikani, na hapo kumtumia meseji zaidi ni kazi bure.

Hii ya kuuliza kwanza sio mbwembwe. Kule Telangana, India, watafiti walipeleka utabiri wa kuanza kwa monsuni, yaani mvua zao kubwa za msimu, katika vijiji vilivyochaguliwa kwa bahati nasibu, na walikuwa wamewauliza wakulima mapema wanatarajia nini. Waliopata habari mbaya kuliko walivyotarajia walipunguza shamba na baadhi ya matumizi ya pembejeo, waliopata nzuri wakaongeza pesa za pembejeo. Ukijumlisha hao wote bila kujua nani alikuwa anaamini nini, hao wanaongeza na hawa wanapunguza, wanafutana, unaandika kwa ripoti ati utabiri haukuwa na athari.

Mavuno nayo yanadanganya hivohivo. Mtu akisikia mvua itakuwa kidogo akaamua kulima nusu ekari, zile pesa zingine akanunua stoki ya kibanda, mavuno yake yatakuwa madogo kuliko ya jirani na yeye ndiye ameamua vizuri. Bora upime mapato ya nyumba nzima na madeni, ingawa ni kazi ya kuchosha na watu hawapendi kuulizwa madeni.

Halafu kuna wakati. Utabiri wa vuli wa eneo letu hutolewa na ICPAC, kile kituo cha tabianchi cha IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake, mwisho wa Agosti hivi, kisha idara inatoa wa Kenya. Ukambani watu wengi hupanda udongo ukiwa bado mkavu ili mvua ya kwanza iikute mbegu chini. Ushauri ukifika katikati ya Oktoba baada ya kutafsiriwa na kusainiwa na kila bosi, mbegu zishaingia. Mimi kwa fomu naandika tarehe ya meseji na tarehe ya kupanda, na nani ndani ya nyumba aliipata, manake simu iko kwa mzee na anayechagua mbegu ni mama.

Na msimu mmoja hautoshi kusema kitu. Ukisema 45% chini ya kawaida, umekubali kwamba 55% itakuwa vingine. Mwaka 2023 Oktoba watu mitandaoni walikuwa wanacheka ati zile mvua za El Niño zilizotabiriwa zimekwama kwa jamu, Novemba ikawa mafuriko Garissa na Mandera. Vuli angalau inatabirika, inafuata joto la Pasifiki na Bahari ya Hindi, masika ni ngumu zaidi, kwa hivyo hata hizo mbili usizichanganye kwa jedwali moja.

Wafadhili wakiniletea mradi wa miaka miwili nawaomba kitu kimoja: nyumba zilezile, misimu yote, na ziara ya Agosti kabla ya utabiri iwekwe kwa bajeti. Pesa zikipungua wakate ile ya mwisho ya kuuliza kama watu wameridhika.