Mafuta ya nazi yenye rangi: je, hayafai kwa sabuni?

Wengi wanaotengeneza sabuni nyumbani wanaamini kuwa mafuta ya nazi yakiwa ya manjano au kahawia yameharibika, na kwamba sabuni yake haitashika wala kutoa povu.

Mara nyingi rangi hiyo hutokana na namna mafuta yalivyopatikana: mbata (nyama ya nazi kavu) iliyokaushwa kwa moto mkali, tui lililochemshwa hadi mabaki yake yakaungua, au ganda jembamba la kahawia lililosagwa pamoja na nyama ya nazi. Meupe ya viwandani mara nyingi yameondolewa rangi. Kinachogeuka sabuni ni asidi za mafuta, na hizo hazibadiliki kwa sababu ya rangi. Gramu 100 za mafuta huhitaji takriban gramu 18 za kostiki soda, kemikali inayoyageuza kuwa sabuni, yawe meupe au manjano. Tofauti utaiona kwenye kipande chenyewe: cha mafuta ya manjano kitaelekea rangi ya krimu badala ya weupe.

Kuharibika kunajulikana kwa pua. Sugua tone kiganjani, unuse. Harufu ya nazi, hata ya kuungua kidogo, haina neno. Harufu kali ya kuchacha ndiyo ya kukataa. Ukungu pia.

Tahadhari kubwa ni mafuta ya nywele yaliyotiwa rangi. Soma kibandiko: baadhi yana mafuta yatokanayo na petroli, ambayo hayageuki sabuni kabisa. Ukiyahesabu kama nazi tupu, kostiki itabaki na kuunguza ngozi.