Chati imenyooka, meli iko mchangani

Kila mwanzo wa muhula huwauliza wanafunzi wangu wa uongozaji wa vyombo swali moja. Meli imefungwa gatini, kamba zote zimekazwa, chai imeshanyweka. Ukichukua namba za GPS ukazichora kwenye chati, yaani ramani ya baharini, ya karatasi, nukta inaangukia wapi? Hunitazama kwa huruma kidogo. "Gatini, Kapteni. Wapi tena?"

Mimi yangu iliangukia kwenye minazi. Nilikuwa ofisa mdogo, katika bandari moja ndogo ya pwani yetu hii, na kwa mujibu wa chati tulikuwa tumefunga meli shambani kwa mtu. Nikarudia kusoma dakika na sekunde, mara tatu. Minazi. Mkubwa wangu alicheka hadi akashika meza, kisha akanionyesha maandishi madogo pembeni mwa chati ambayo sikuwahi kuyasoma.

Kifaa hakikukosea, na waliochora chati hawakukosea. Tatizo ni kwamba latitudo na longitudo si alama zilizochongwa ardhini. Huhesabiwa kutoka umbo la dunia ambalo wapimaji wamekubaliana, na wapimaji wa nyakati mbalimbali walikubaliana maumbo mbalimbali. GPS inatumia mfumo uitwao WGS 84. Chati nyingi za zamani zilipimwa kabla mfumo huo haujakuwepo. Hata ramani za nchi kavu za Tanzania, Kenya na Uganda zilichorwa kwa miaka mingi juu ya msingi wa Arc 1960, na ukichukua namba za mfumo mmoja ukaziweka kwenye mwingine bila kuzirekebisha, unahama kama mita 300. Ukiwa unatafuta duka Kariakoo, hiyo ni mitaa kadhaa ya kuzunguka na jua. Ukiwa unaingia mlango wa mwamba usiku, umepoteza chombo.

Namba zenyewe zilikuwa nadhifu, zenye desimali tatu, na unadhifu huo ndio uliokuwa umenilaza.

Kisa ninachokitumia zaidi darasani ni cha meli ya abiria Royal Majesty. Iliondoka St. George's, Bermuda, mchana wa tarehe 9 Juni 1995 kuelekea Boston ikiwa na watu 1,509. Haikupita hata saa moja, waya wa antena ya GPS ukachomoka. Kifaa hakikuzima. Kilionyesha herufi ndogo, DR, kikahamia kwenye makisio: kinachukua mwelekeo wa dira na mwendo wa meli, kinajumlisha, kinakupa nafasi. Makisio hayaujui upepo wala mkondo, na meli ilikuwa ikisukumwa ubavuni muda wote. Baada ya takriban saa 34, saa nne na dakika 25 usiku wa tarehe 10, ilipanda fungu la mchanga la Rose and Crown, mashariki mwa kisiwa cha Nantucket. Ilikuwa maili 17 za baharini kutoka kwenye njia yake. Bahati njema hakuna aliyeumia.

Wanafunzi huuliza: saa 34, maofisa walilala? Hawakulala. Kila saa walichora nafasi kwenye chati, na kila nukta ilikaa juu ya mstari. Hapo ndipo penye mtego. Usukani wa kujiendesha ulikuwa ukifuata makisio yaleyale, kwa hiyo nukta zisingeweza kutoka kwenye mstari hata meli ingepelekwa wapi. Ni mwanafunzi anayejisahihishia mtihani mwenyewe, halafu anashangilia mia kwa mia.

Hakuna aliyelinganisha. Kulikuwa na kifaa cha Loran-C, mfumo mwingine kabisa wa kujua nafasi, kwa mawimbi ya redio ya nchi kavu, kinafanya kazi na kinasema kweli. King'ora cha kipima kina kilikuwa kimewekwa kwenye sifuri, maana yake kingelia meli ikishagusa. Boya moja muhimu halikuonekana kabisa, na ofisa wa zamu akamwambia nahodha limeonekana. (Hapa darasa huguna. Mimi huwa siguni. Ukiwa na uhakika kwamba boya lazima lipo, kusema umeliona ni hatua fupi sana.) Walinzi wa zamu waliripoti taa ambazo hazikutakiwa kuwepo, kisha maji meupe mbele. Meli ikaendelea.

Upande wa pili wa tatizo ni USS Guardian, manowari ya Marekani iliyopanda mwamba wa Tubbataha, Ufilipino, tarehe 17 Januari 2013. Safari hii setilaiti zilikuwa sahihi. Chati ya kidijitali ndiyo iliyouweka mwamba karibu maili 8 kutoka mahali ulipo, ilhali chati nyingine waliyokuwa nayo iliuonyesha panapostahili. Chombo hakikunasuka, kilikatwa vipande hukohuko mwambani.

Na watu wa nchi kavu msicheke. Mwaka 2009 watalii wawili kutoka Sweden walikuwa wakienda Capri, wakaandika Carpi, na gari likawafikisha Carpi salama salimini, mji wa bara kaskazini mwa Italia. Kifaa kilitii kila herufi. Lakini Capri ni kisiwa! Feri iko wapi?

Wazee wa majahazi walikuwa na bildi, kipande cha risasi kwenye kamba. Unaitupa, unajua kina; ukiipaka shahamu chini, inakuletea mchanga au tope la huko chini, unajua uko juu ya nini. Sisemi wazee hawakukosea. Mafungu ya Pemba yamekula mbao nyingi. Lakini mwenye bildi alilazimika kuiuliza bahari kitu, na kabla ya kuiuliza alikuwa na jibu analolitarajia kichwani. Hilo tu ndilo ninalolitaka kwa vijana wangu. Kabla hujatazama skrini, niambie: kina kiwe ngapi, mnara uwe upande gani, maji yanajaa au yanakupwa? Kisha tazama.

Tunalifanyia mazoezi safari ya Tanga kwenda Wete. Nafunika skrini kwa kanga, wanabaki na dira, saa na macho. Msimu uliopita, katikati ya kusi, kijana mmoja aliandika kwenye daftari kwamba mnara wa Ras Kigomasha utatokea mbali kushoto. Ulipotokea ulikuwa karibu mbele ya omo. Akapangusa darubini. Akatazama tena.

"Kapteni, huu mnara umekosea mahali."

"Umesimikwa ardhini," nikamwambia.

Akarudi kwenye daftari, akapiga hesabu upya, na safari hii aliweka mkondo, ule unaokwenda kaskazini mwaka mzima na kupata nguvu wakati wa kusi. Kisha akaomba ruhusa ya kugeuza kidogo kulia. Kanga ilikuwa bado juu ya skrini, wala hakuikumbuka.