Kukua kwa Taasisi ya Kikristo: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Katika vikao vya taasisi za Kikristo za kijamii jijini Dar es Salaam, neno "kukua" hutamkwa mara nyingi kuliko neno "bajeti", na pengine ndiyo sababu mipango mingi ya miaka mitano huishia kwenye kabati la katibu.

Dhana iliyoota mizizi zaidi ni kwamba kukua maana yake ni kufungua vituo vipya. Nilipokuwa mjumbe wa kamati ya taasisi moja iliyofundisha wasichana ushonaji huko Mbagala, tulipitisha kwa vigelegele azimio la kufungua tawi Bunju kabla hatujauliza nani atalisimamia. Msimamizi alikuwa mmoja tu. Siku aliyokwenda Bunju, saa zake nyingi ziliishia kwenye daladala, na huku Mbagala vyerehani viwili vilivyokatika mikanda vilikaa wiki tatu vimefunikwa kanga, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuidhinisha ununuzi wa mkanda. Injili ya Luka, sura ya 14, inamtaja mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza akahesabu gharama. Sisi tuliusoma mstari huo kwenye ibada ya kufungua kikao, kisha tukaendelea na ajenda. Ukweli ni kwamba tawi jipya linastahili kufunguliwa pale tu linapokuwa na msimamizi wake, fedha za kuliendesha kwa mwaka mzima, na pale kituo cha kwanza kinapoweza kufanya kazi hata mwanzilishi akiwa safarini.

Wapo pia wanaoamini kwamba kumdai mweka hazina risiti ni kumtilia shaka mtumishi wa Mungu. Mtume Paulo hakuwa na mawazo hayo. Katika sura ya 8 ya Waraka wa Pili kwa Wakorintho, alipokuwa akiandaa changizo la kuwasaidia waumini wa Yerusalemu, alihakikisha kwamba ndugu aliyechaguliwa na makanisa anasafiri pamoja naye, ili mtu asije akawalaumu kwa habari ya fedha hizo. Kwa mazingira yetu, jambo hilo lina maana ya sahihi mbili kwenye kila malipo, michango kuingia kwenye namba ya taasisi badala ya simu ya mtu binafsi, na taarifa ya benki kulinganishwa kila mwezi na daftari la fedha na mtu asiyezishika fedha hizo. Mkesha wa maombi, pamoja na uzito wake wote, hauwezi kuifanya kazi hiyo.

Kuhusu usajili, wengi hudhani kwamba cheti cha kanisa kinatosha hata pale mkono wake wa huduma unapojitenga na kuwa shirika lenye bodi na akaunti yake. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2002, pamoja na marekebisho yake ya 2019, inalitaka shirika la namna hiyo lijisajili lenyewe, na cheti hudumu miaka 10. Taarifa ya kila mwaka na hesabu zilizokaguliwa nazo ni za lazima. Vivyo hivyo kwa kodi: jina la Kikristo halileti msamaha, bali taasisi huomba uamuzi wa Kamishna wa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ili itambuliwe kuwa ya hisani, na hata ikitambuliwa, kodi ya mishahara ya wafanyakazi na michango yao ya hifadhi ya jamii hubaki palepale.

Dhana nyingine, ambayo binafsi naiona ya hatari kuliko zote, ni kwamba kuwahudumia wasio waumini wetu kunapunguza ushuhuda. Hospitali za makanisa nchini huwapokea wagonjwa wa dini zote, na makubaliano ya 1992 kati ya makanisa na Serikali yaliupa ushirikiano wa huduma za afya na elimu sura rasmi. Darasa letu la Mbagala lilikuwa na wasichana wengi Waislamu, na ratiba ilipangwa kwa kuzingatia swala ya Ijumaa. Mama zao ndio walioleta oda za kwanza za sare za shule.

Tawi la Bunju tulilifunga, na vyerehani vikarudi Mbagala kwa kirikuu. Lilifunguliwa tena baadaye, likiwa na msimamizi anayeishi Bunju na mwenye mamlaka ya kununua mkanda bila kumpigia mtu simu.