Mmonaki aliyefuta maneno yake mwenyewe

Katika maktaba ya Chuo cha Corpus Christi, Cambridge, kuna vitabu viwili vya ngozi vilivyoandikwa kwa mkono zaidi ya miaka 750 iliyopita. Ukivipekua, hapa na pale utakuta pambizoni maneno ya Kilatini yakiagiza kwamba kifungu kilicho kando yake kiondolewe, maana kitawaudhi watu. Aliyeandika kifungu na aliyeandika agizo hilo ni mtu mmoja: Matthew Paris, mmonaki wa abasia (monasteri kubwa) ya St Albans, kaskazini ya London.

Sisi tunaotunza nyaraka tunampenda mtu huyu kwa sababu hiyo hasa. Wanahistoria wengi wa kale wametuachia nakala safi. Matthew ametuachia na wasiwasi wake.

Alivishwa kanzu ya utawa tarehe 21 Januari 1217. Wenzake walikuwa Wabenediktini, watu wa kanuni ileile inayofuatwa leo katika abasia za Peramiho na Ndanda, Tanzania: sala kwa saa zake, kazi, kusoma, na kumpokea kila mgeni. Hilo la wageni ndilo lililomjenga. St Albans ilikuwa kwenye barabara kuu itokayo London, na waliopita walilala hapo: maaskofu, wajumbe, mabwana wakubwa, hata mfalme na msafara wake. Mmonaki mwenye sikio zuri alipata habari za Ulaya nzima mezani. Richard wa Cornwall, ndugu wa Mfalme Henry wa Tatu wa Uingereza, alikuwa mmoja wa waliomsimulia.

Mwaka 1236 alifariki Roger wa Wendover, mwandishi wa tarihi wa abasia hiyo, na Matthew akaichukua kazi. Alinakili aliyoyaacha Roger, akayatia chumvi yake, kisha akaendelea mwaka kwa mwaka hadi 1259. Kitabu hicho kikubwa kinaitwa Chronica Majora, na vile vitabu viwili vya Cambridge ni sehemu yake. Kinaanza na kuumbwa kwa dunia, na kadiri kinavyokaribia siku za mwandishi ndivyo kinavyonenepa: bei ya nafaka, mafuriko, barua za Kaisari Frederick wa Pili, ugomvi wa maaskofu. Alipofika 1250 alitunga beti za kujiaga, akidhani amemaliza. Hakuweza kuacha.

Alikuwa mchoraji pia. Alichora ramani ya Uingereza, na njia ya kutoka London hadi Yerusalemu, mji baada ya mji. Mwaka 1255 Mfalme Louis wa Tisa wa Ufaransa alimpelekea Henry wa Tatu tembo, akafugwa katika Mnara wa London. Vitabu vya wanyama vya wakati ule vilidai kwamba tembo hana magoti, na kwamba hulala ameegemea mti. Matthew alimchora akiwa na magoti. Akamweka mtunzaji wake kando, akaandika kwamba kwa kimo cha mtu huyo msomaji akadirie ukubwa wa mnyama. Kwa maoni yangu mchoro huo unamweleza Matthew kuliko kurasa mia za maneno: pale alipotazama kwa macho yake, alikuwa shahidi mzuri mno.

Tatizo ni pale alipotegemea ya kuambiwa, au chuki ilipomshika. Mwaka 1255 Wayahudi wa Lincoln walisingiziwa kumuua mtoto kwa ibada, na watu 19 wakauawa. Matthew aliuandika uongo ule kana kwamba ni kweli tupu, na kalamu yake ikausaidia kuishi karne nyingi. Wamongolia, ambao hakuwahi kuwaona, aliwachora wakila watu. Anayesoma tarihi yake asiyaruke mambo hayo, wala asiyasamehe kwa kuwa mwandishi alikuwa hodari.

Turudi kwenye yale maagizo ya pambizoni. Mwaka 1247, katika sherehe iliyofanyika Westminster, Mfalme Henry alimwona Matthew, akamwita aketi karibu na kiti chake cha enzi, akamwomba aandike yote aliyoyaona siku hiyo. Mwaka 1257 mfalme alikaa St Albans wiki nzima akizungumza naye. Na huyuhuyu mfalme ndiye aliyesemwa vibaya kitabuni kwa tamaa ya fedha na kwa kuwapendelea watu wa nchi za nje, tena Papa akisemwa vikali zaidi kwa kodi alizowatoza mapadre wa Uingereza. Matthew aliandika waziwazi kwamba hali ya mwandishi wa historia ni ngumu, kwani akisema kweli atawachokoza watu, na akiandika uongo atamkosea Mungu. Uzeeni alianza kulainisha. Mahali pengine alikwangua wino, pengine akabandika kipande cha ngozi juu ya maneno makali na kuandika mengine ya upole. Bahati yetu ni kwamba hakumaliza, na nakala zilizotolewa mapema zimehifadhi mengi ya yale aliyotaka kuyaficha.

Alifariki 1259. Katika kitabu kilichopo sasa Maktaba ya Uingereza, London, kuna picha yake akiwa kitandani anakufa, kiwiko kimeegemea tarihi yake. Mmonaki mwenzake aliyeendeleza kazi aliandika pale kwamba yanayofuata ni ya mtu mwingine, asiyestahili hata kulegeza gidamu ya kiatu cha Matthew.