"Mmoja kati ya wanne" si foleni

Huku Kampala, wazazi wenye mtoto wa selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, hufarijiwa hivi: "Mmoja kati ya wanne mmeshampata, watatu wajao watakuwa salama." Faraja tamu, hesabu mbovu. Mama na baba wakiwa wote AS, yaani wabebaji wasioumwa wenye jeni moja ya selimundu (S) na moja ya kawaida (A), kila mimba huanza upya: asilimia 25 SS (mgonjwa), 50 AS, 25 AA (asiye na S). Mimba ya pili haijui ya kwanza ilitoka vipi. Ndiyo maana wapo waliopata wagonjwa watatu mfululizo, na wapo wasiopata hata mmoja wakadhani hawana kitu.

Wala si ugonjwa wa "upande wa mama", kama mawifi wanavyopenda kusema. SS hupokea S moja kwa kila mzazi. Na wabebaji si wachache: uchunguzi wa watoto wachanga Uganda nzima, 2014 hadi 2015, ulikuta asilimia 13.3.

Mshauri wa jenetiki huchora mti wa ukoo na kueleza uwezekano. Kuoana au kuachana hakuamui yeye. Ila ulizia kipimo gani kimefanywa. Elektroforesisi ya himoglobini, kipimo cha maabara kinachochambua aina za himoglobini kwenye damu, hutenganisha AS na SS. Kile cha kutazama seli zikijikunja huonyesha tu kwamba S ipo.