Msomi na sera ya nje: nini maana ya wajibu wa kukosoa

Neno "kukosoa" limetokana na "kosa". Anayekosoa hulitafuta kosa, huonyesha lilipo na kueleza kwa nini ni kosa. Kutukana ni kazi nyingine kabisa. Basi tunaposema msomi ana wajibu wa kukosoa sera ya nje ya nchi yake, tunasema kwamba azichukue sababu ambazo serikali inazitoa kwa ajili ya vita, vikwazo au mkataba, azipime kwa ushahidi, kisha aseme hadharani alichokiona, hata kikiwaudhi wakubwa.

Mbona sera ya nje hasa? Bei ya unga ikipanda, anayekwenda sokoni hujua kabla ya waziri. Lakini yaliyotokea usiku baharini, upande wa pili wa dunia, raia atayajuaje? Huambiwa na serikali ile ile inayotaka akubali. Wenye uwezo wa kuuliza zaidi ni wachache: waliosoma historia ya nchi hiyo, wanaojua lugha yake, wenye maktaba na muda. Wajibu unaanzia hapo, kwenye nafasi ambayo wengine hawana.

Mfano ulio wazi ni Marekani wakati wa vita vya Vietnam. Agosti 1964 serikali ya Rais Lyndon Johnson ilitangaza kuwa meli zake za kivita zimeshambuliwa na Vietnam Kaskazini mara mbili katika Ghuba ya Tonkin, karibu na pwani ya nchi hiyo, tarehe 2 na tarehe 4. Shambulio la kwanza lilitokea. La pili halikutokea. Hata hivyo tarehe 7 wabunge walimruhusu Johnson kutumia nguvu za kijeshi: kura 416 kwa 0 katika Baraza la Wawakilishi, 88 kwa 2 katika Seneti. Mmoja wa wale wawili waliokataa, Wayne Morse, aliwahi kuwa mkuu wa kitivo cha sheria chuoni kabla ya kuingia siasa.

Mabomu yalipozidi, walimu wa Chuo Kikuu cha Michigan walipanga kugoma siku moja. Walipopingwa vikali, wakafanya kinyume chake: wakafundisha usiku kucha, tarehe 24 kuamkia 25 Machi 1965. Walihudhuria watu wapatao 3,000, na vyuo vingine vikafuata. Naupenda mfano huo kwa sababu walikosoa kwa chombo chao wenyewe, yaani somo.

Hans Morgenthau wa Chuo Kikuu cha Chicago ananigusa zaidi. Alikuwa Myahudi mzaliwa wa Ujerumani aliyewakimbia Wanazi, na hakuwa mpinga vita kwa kila hali. Maisha yake yote alifundisha kwamba mataifa huongozwa na nguvu na maslahi. Kwa kipimo hicho hicho akasema vita vya Vietnam havina faida kwa Marekani. Alikuwa mshauri wa Wizara ya Ulinzi, na mwaka 1965 akaachishwa. Juni mwaka huo alijadiliana kwenye televisheni na McGeorge Bundy, mshauri wa Johnson, ambaye naye alitoka kwenye uongozi wa Harvard. Wote wawili walikuwa wasomi. Bundy aliitetea sera aliyoshiriki kuitunga. Morgenthau aliihoji, na alilipia.

Wengi husema profesa anyamaze kwa kuwa haoni siri za serikali. Hoja hiyo ina uzito, na msomi asijifanye anajua asichokijua. Lakini Juni 1971 gazeti la New York Times lilipoanza kuchapisha uchunguzi wa siri wa Wizara ya Ulinzi kuhusu vita hivyo, wenye kurasa takriban 7,000, uliovujishwa na Daniel Ellsberg, mwenye shahada ya uzamivu ya uchumi, ilionekana kwamba viongozi walikuwa wakiwaambia wananchi mambo tofauti na waliyoyajua. Siri zile ziliwaunga mkono wakosoaji.

Septemba 2002 wataalamu 33 wa uhusiano wa kimataifa, Kenneth Waltz na John Mearsheimer wakiwemo, walitoa tangazo katika gazeti hilo hilo wakieleza kwa nini kuivamia Iraki si kwa maslahi ya Marekani. Hawakusikilizwa. Machi 2003 majeshi yaliingia, na silaha za maangamizi zilizotajwa kuwa sababu hazikupatikana.